Kukopa Ukiwa Mwanafunzi na Huna Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Lamu na Malindi

Barua za vyuo zikishatoka, barazani kwetu hapakaliki. Vijana huja na simu mkononi, wazazi huja na bahasha, na wengine hungoja giza liingie ili wasionekane wakiulizia pesa. Mimi ni mtu wa Lamu, nimesoma kwa mkopo, na kwa miaka kadhaa sasa huwasaidia wanafunzi kujaza fomu baada ya sala ya alasiri. Jamaa zetu wa Malindi hupiga simu kuuliza mambo hayo hayo. Nimeona niyaandike mahali pamoja. Tafadhali yasome kabla hujabonyeza "kubali" kwenye simu.

Sina kazi wala mshahara. Kuna atakayenikopesha?

Wapo, tena wengi kuliko unavyodhani. Kupata mkopo siku hizi si tabu. Simu inakupa shilingi elfu mbili ukiwa umelala kitandani hosteli. Tabu ni kulipa, na wazee walilijua hili zamani waliposema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kila anayekuja kwangu humuuliza mambo mawili: nani atalipa, na atalipa mwezi gani? Mwanafunzi asiye na kazi hana pesa zake. Deni linaandikwa jina lake, lakini linalipwa na mama anayekaanga viazi karai, au kaka aliyeko Mombasa, au yeye mwenyewe miaka mitano ijayo. Kama huwezi kumtaja huyo mtu, basi hujawa tayari kukopa.

Na huku kwetu mwezi una uzito wake. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka kwenye Agosti na Septemba, bahari inachafuka na mashua ndogo hulala ufuoni siku nyingi. Malindi nako, kati ya Aprili na Juni wageni wamekwenda zao, hoteli nyingine hufunga milango na wafanyakazi hurudi nyumbani. Kisha vyuo vinafungua mwishoni mwa Agosti na Septemba, wakati hasa nyumba nyingi zimekwisha kula akiba. Pesa huanza kuonekana tena kaskazi ikishaingia, kuelekea Disemba. Mtoto wa mvuvi akichukua deni la siku 14 mwezi wa Agosti, deni hilo litaiva kabla bahari haijatulia. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na bado akashindwa, kwa sababu alikopa kwa kalenda ya mwajiriwa ilhali nyumba yao inaishi kwa kalenda ya upepo.

Kabla sijakopa, kuna pesa za kusomea zisizorudishwa?

Zipo, na nasikitika kuona watu wanazipita wakikimbilia simu. Kuna basari ya hazina ya maeneobunge, NG-CDF: kwa Lamu ni maeneobunge mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, kwa upande wa pili kuna Malindi na jirani yake Magarini. Kuna basari za kaunti pia, ambazo Kilifi, kaunti ya Malindi, hupitia wadi. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, kwa hivyo usitarajie kuziona mkononi.

Fomu hizi huangushwa na vitu vidogo. Utahitaji nakala ya barua ya kuitwa chuoni, nakala ya muundo wa karo, vitambulisho vya wazazi (au vyeti vya kifo kama wametangulia mbele ya haki), na mara nyingi muhuri wa chifu na sahihi ya imamu au mchungaji. Chifu hupatikana saa za kazi, siku za kazi. Kama kwenu ni Kizingitini au Kiunga, mbali na mji wa Lamu, na tangazo limetoka ukiwa chuoni, huwezi kufunga safari ya siku nzima kwa ajili ya muhuri. Kwa hivyo, kila likizo, andaa seti tatu za nakala na umwachie mtu nyumbani anayejua kusoma matangazo. Dada yangu alinifanyia hivyo miaka minne.

Basari ya elfu tano au kumi haimalizi karo, najua. Lakini elfu tano ambayo hukuikopa ni elfu tano ambayo hakuna atakayekupigia simu kuidai.

Nimeambiwa nimepewa ufadhili na mkopo pamoja. Nitalipa vyote?

Hapana. Mpango wa kufadhili elimu ya juu ulioanzishwa mwaka 2023 unagawa gharama mafungu matatu: ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi, mkopo, ambao unarudishwa, na sehemu ya familia. Soma ujumbe wako vizuri ujue kila fungu ni kiasi gani. Nimekutana na wanafunzi waliokataa mkopo wakidhani ufadhili nao watadaiwa, na wengine waliotumia mkopo wakidhani ni zawadi.

Ukiona umewekwa kwenye kundi la wenye uwezo na nyumbani kwenu hali si hiyo, kata rufaa kupitia tovuti ile ile uliyoombea. Eleza ukweli kwa vielelezo: baba ni mvuvi asiye na boti, mama hana kipato, ndugu wangapi wanasoma. Maelezo ya jumla kama "sisi ni maskini" hayamsaidii anayesoma maombi maelfu.

HELB ndiyo nini hasa, na ni ghali kiasi gani?

Ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1995. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza au wa chuo cha ufundi asiye na kazi, huu ndio mkopo pekee mkubwa uliotengenezwa kwa mtu wa hali yake. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na unatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Karo hupelekwa moja kwa moja chuoni. Pesa za matumizi huja kwako.

Tufanye hesabu. Chukua kwamba umemaliza ukidaiwa shilingi 200,000. Asilimia 4 ya hizo ni 8,000 kwa mwaka. Hakuna mkopo wa simu utakaokukaribia hapo. Kuna pia ada ndogo ya kila mwaka ya kutunza akaunti.

Panapouma ni faini. Ukipitisha muda wa kuanza kulipa bila kulipa na bila mawasiliano, faini ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Kwa mwaka ni 60,000. Riba ya 8,000 inakuwa mchezo wa watoto. Vijana wengi ninaowajua ambao HELB imewaelemea hawakuelemewa na mkopo, wameelemewa na kunyamaza. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba HELB haiwezi kumtoza mtu riba na faini zinazozidi kiasi cha mkopo aliochukua, lakini hata kulipa maradufu ya ulichokopa si jambo la kulikimbilia.

Mambo ya kuangalia unapoomba. Kwanza, laini ya simu iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Laini ya mjomba imewakwamisha wengi. Pili, majina yafanane kwenye kitambulisho, cheti cha mtihani na barua ya chuo. Huku kwetu majina ya ukoo huandikwa mara hivi mara vile: Mohamed na Muhammad, Athman na Athuman. Herufi moja inaweza kukurudisha nyuma muhula mzima. Tatu, unahitaji wadhamini wawili. Waeleze kwa mdomo wako wanachokiwekea sahihi. Usimpelekee shangazi fomu ukamwambia "weka sahihi hapa, ni mambo ya chuo tu." Na nne, mkopo huombwa upya kila mwaka. Wako wanaoomba mwaka wa kwanza wakadhani mlango umebaki wazi.

Na kama hujachukua kitambulisho, anza hapo. Ukifika miaka 18 nenda siku hiyo hiyo.

Hiyo asilimia 4 si riba? Mimi ni Mwislamu.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na ninaliheshimu. Mimi si mufti. Nimewasikia masheikh wanaosema riba ni riba, iwe ndogo au kubwa, na nimewasikia wanaotazama dharura ya mtu na kukosa kwake njia nyingine. Mpelekee sheikh wako, na ukienda mweleze hali yako yote: karo ni kiasi gani, umepata nini, umeomba wapi ukanyimwa. Ukimuuliza kwa ufupi, utajibiwa kwa ufupi.

Lakini kabla ya kufika kwenye dharura, zimalize njia safi. Karadha, ule mkopo wa ndugu kwa ndugu usio na nyongeza, ni desturi yetu ya tangu zamani. Wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka, na wanaotoa zaka Lamu na Malindi wapo. Nenda msikitini, ongea na imamu, usione haya. Na karadha nayo iandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Watu wetu huona kuandikiana na mjomba ni kumvunjia heshima. Mimi naona kinyume chake: karatasi moja yenye kiasi, tarehe na majina mawili ya mashahidi ndiyo iliyowaweka ndugu wengi wakisalimiana mpaka leo.

Chuo kimefunguliwa na pesa za HELB hazijaingia. Nifanyeje?

Zimechelewa kwa wengi kabla yako na zitachelewa tena, kwa hivyo panga kana kwamba hazitafika mpaka wiki kadhaa zipite. Nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi wiki ya kwanza, usingoje wiki ya mtihani. Vyuo vingi hukubali barua ya kuahidi kulipa, na vingine vina kazi ndogo ndogo za kulipwa kwa saa, maktabani au jikoni. Ongea na mwenye duka au kibanda karibu na hosteli akuandikie kwenye daftari, kisha wewe nawe andika kwenye lako. Deni la daftari la unga na maharage halina riba, na mwenye duka anakujua uso.

Kama unasoma karibu, KMTC (chuo cha mafunzo ya utabibu) ya Malindi kwa mfano, au tawi la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa lililoko Lamu, kula nyumbani au kwa jamaa si aibu. Chumba cha kupanga ndicho kinachowala wengi.

Fuliza inanisaidia sana mwisho wa mwezi. Ubaya wake uko wapi?

Uko kwenye mlango wa kuingilia pesa. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, inakuongezea pale salio linapopungua, kisha inatoza ada, na kwa viasi visivyo vidogo sana ada huongezeka kila siku hadi ulipe. Na pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako inakatwa kwanza.

Sasa fikiria. Mama yako ameuza mikeka, akakaa na pesa siku tatu akisitasita, mwisho akakutumia 1,500 za chakula. Kwenye simu yake anasoma "imetumwa kwa mwanangu." Kwenye simu yako 1,100 zimekwishamezwa na deni la wiki iliyopita ulilochukua kununua bando. Unabaki na 400 na huwezi kumwambia. Usiku huo unafuliza tena. Nimekaa na kijana aliyenionyesha ujumbe wake wa miezi mitatu. Kila senti ya mama yake iliingia hivyo. Hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Alikuwa ananunua chakula na bando, siku zote akiwa nyuma kwa wiki moja.

Ukishaingia humo, njia ya kutoka ni kumwambia anayekutumia pesa. Mwambie mara moja, kwa ukweli, kwamba kuna deni la kiasi fulani. Lipeni lote siku moja, kisha ujitoe kwenye huduma hiyo. Aibu ya jioni moja ni nafuu kuliko muhula mzima.

M-Shwari na Hustler Fund je? Ipi nafuu?

Usilinganishe asilimia bila kutazama muda. M-Shwari, mkopo unaopatikana ndani ya M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012 ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hustler Fund, mkopo wa serikali wa kwenye simu uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka mzima, inayohesabiwa kwa siku. Zinafanana kwa jicho, lakini ukikopa 1,000, ya kwanza inakudai 75 kwa mwezi; ya pili, kwa siku 14, inakudai kama shilingi tatu.

Kwa bei basi, Hustler Fund ni nafuu sana. Inatoa kuanzia shilingi 500, mpaka 50,000 kwa waliojijengea kiwango, na asilimia 5 ya unachokopa inakatwa kuwekwa akiba, kwa hivyo ukiomba 1,000 utapokea 950. Udhaifu wake kwa mwanafunzi ni muda: siku 14 ni chache. Inafaa kwa jambo ambalo unajua pesa yake inaingia wiki ijayo, kama nauli ya kwenda mahali ambapo utalipwa ukifika. Kwa karo haifai, wala kwa kodi ya nyumba.

Nimeona programu inayokopesha dakika tano, haitaki mdhamini. Niipakue?

Nitakuambia yaliyonipata. Mwaka wa pili chuoni niliomba 3,000 kwenye programu moja. Ziliingia 2,400, 600 walizikata mapema wakaziita ada. Baada ya siku saba walitaka 3,000 kamili. Piga hesabu: 600 juu ya 2,400 ni asilimia 25, kwa wiki. Sikuwa nayo. Siku ya nane wakaanza kupiga simu. Siku ya kumi wakampigia mama, kisha mwalimu wangu wa madrasa, kisha mtu aliyewahi kuniuzia godoro, kwa sababu nilipoipakua niliipa ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu. Mama alinipigia akiniuliza, "Mwanangu, umefanya nini? Watu wanitukana na siwajui." Deni nililipa kwa kuuza simu yenyewe. Sauti yake ile siku ile sijaisahau.

Sheria imebadilika tangu wakati huo. Kuanzia mwaka 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na kanuni zinawakataza kutisha, kutukana, na kuwapigia watu wa kwenye simu yako ili kukuaibisha. Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Jina likikosekana humo, futa programu. Likiwemo, soma muda na jumla ya kulipa, si kiwango cha mkopo tu. Programu ikitaka ruhusa ya kusoma majina, picha au ujumbe wako, ikatae.

Na kama tayari wanawasumbua jamaa zako, piga picha ya skrini kila ujumbe, andika namba na saa, kisha ulalamike kwa Benki Kuu na kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo imepewa nguvu na sheria ya mwaka 2019. Deni bado utalilipa. Matusi hukuyakopa.

CRB ni nini, na mbona watu wanaiogopa?

Ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za ulivyokopa na ulivyolipa. Kenya zenye leseni ni tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Deni likipita siku 90 bila kulipwa linaweza kuandikwa vibaya, na anayekukopesha anapaswa kukuarifu siku 30 kabla. Tangu mwaka 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 haliandikwi. Ukilipa, rekodi inasema umelipa, lakini historia hubaki kwa miaka 5. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Iombe, maana nimeona watu walioandikwa kwa madeni waliyokwisha kulipa.

Mwanafunzi wa miaka 20 haoni kwa nini ajishughulishe nayo. Ataona akiwa na miaka 25 akiomba mkopo wa kununua injini ya boti.

Baba anasema atachukua pesa za karo kwa tajiri wake wa samaki. Nimwache?

Hapa naomba usome polepole, kwa kuwa hili halimo kwenye ushauri wowote wa mikopo niliowahi kuusoma, na nyumba nyingi za pwani ndivyo zinavyosomesha.

Tajiri humkopesha mvuvi pesa, nyavu au mafuta, na mvuvi humuuzia yeye samaki. Hakuna karatasi wala riba inayotajwa, na mara nyingi tajiri ni mtu mwema: ukifiwa anakuja, ukiugua anatoa. Lakini bei ya samaki anaipanga yeye. Tuseme sokoni samaki wanauzwa 350 kwa kilo na tajiri anamhesabia baba 270. Tofauti ni 80 kwa kila kilo. Baba akileta kilo 10 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, zimepotea 12,000 mwezi huo, na deni lenyewe halijapungua hata shilingi. Akivua miezi sita hivyo, zimepotea 72,000 na bado anadaiwa.

Simwiti tajiri mwizi. Nasema tu kwamba mkopo huu una bei, ila bei yake imefichwa kwenye mizani. Kaa na baba yako, kwa adabu, muulize mambo matatu: atapimiwa kwa bei gani, je, kiasi fulani cha kila mauzo kitapunguza deni, na je, akimaliza atakuwa huru kumuuzia mwingine. Wazee wengine hukasirika mtoto akiuliza. Mtumie mjomba, au mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, mnayemwamini. Kama tajiri anakubali kupunguza deni kidogo kidogo na kuandika, mkopo huo unaweza kuwa bora kuliko simu yoyote, maana unasubiri kusi ipite. Kama hakubali, tafuteni pengine kwanza.

Walioko bara ya Malindi wana la kufanana na hili: kuweka minazi rehani. Aliyetoa pesa anakula nazi mpaka arudishiwe pesa yake. Hesabu mnazi unazaa nazi ngapi kwa mwaka kabla hujafurahia kwamba hakuna riba.

Mama ametoa bangili zake za dhahabu. Tuziuze au tuziweke rehani?

Uamuzi ni wake, wala usimharakishe. Ukiuza kwa sonara, utalipwa kwa uzito. Ufundi na kumbukumbu havihesabiwi. Ukiweka rehani, pimeni kwanza kwa sonara mwingine, andikeni uzito, karati, kiasi mlichopewa na siku ya mwisho, na mpige picha. Rehani ya maneno matupu imewapotezea wanawake wengi mali waliyoachiwa na mama zao. Na kama yuko kwenye mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu na wenzake, mwambieni aombe zamu yake ije Septemba. Wanawake wa mtaani huelewana kwa jambo la shule, mara nyingi bila hata kubishana.

Kuna mtu mzima amejitolea kunilipia karo yote. Hataki nirudishe.

Mshukuru, na mara moja mjulishe mzazi wako au mtu mzima unayemwamini. Anayesaidia kwa nia njema hatakataa kujulikana nyumbani, na atalipa moja kwa moja chuoni. Anayekuambia iwe siri, au anayetaka mkutane hotelini kuzungumza karo, anataka kulipwa kwa namna nyingine. Hili nawaambia wasichana na wavulana pia, hasa wa miji yetu ya wageni. Hakuna shahada yenye thamani hiyo, na ukikataa leo bado kuna muhula mwingine.

Rafiki anataka nimdhamini mkopo.

Usimdhamini. Huna kazi, akishindwa, watakuja kwa mama yako.

Mtu wa Facebook anasema nitume 350 za usajili nipate mkopo wa 20,000.

Ni tapeli. Mkopeshaji wa kweli hataki umtumie pesa kwanza. Usimtumie hata picha ya kitambulisho.

Nimemaliza chuo, sina kazi bado, na HELB wameanza kuniandikia. Nijifiche?

Usijifiche, maana faini ya 5,000 kwa mwezi hukua gizani. Waandikie, au nenda kwenye dawati lao katika kituo cha Huduma, ueleze kwamba hujapata kazi, na uombe mpango wa malipo. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe. Kisha anza kulipa chochote unachoweza. Mimi nilianza kwa 500 kwa mwezi nikiwa nabeba mizigo kutoka jeti ya Mokowe, kabla sijapata kazi yoyote ya maana, na kila risiti niliitia kwenye kopo la maziwa la mama. Siku niliyoandikiwa ujumbe kwamba sijalipa kwa miezi minne, nilikwenda na lile kopo.